Nakshi za Sarafu za Slovenia

Swali: Yuro ni fedha ya mataifa mengi, imekuwaje Slovenia ikawa na nakshi zake yenyewe?

Jibu: Kila sarafu ya yuro ina nyuso mbili, mmoja wa thamani, ulio sawa kwa wote, na mwingine ulioachiwa kila dola itie alama iipendayo. Slovenia, ilipoiaga tolari yake na kuipokea yuro tarehe 1 Januari 2007, haikurudia nakshi moja kama ilivyofanya Ubelgiji, bali ilizipa sarafu zake zote nane picha mbalimbali.

Swali: Mbona hamna mfalme hata mmoja?

Jibu: Taifa hili la watu wapatao milioni mbili liliishi karne nyingi chini ya watawala wa Vienna, wala halikupata dola yake kamili ila mwaka 1991; kilicholihifadhi muda wote huo ni lugha. Ndiyo maana yuro 1 ina wajihi wa Primož Trubar, mhubiri wa Kiprotestanti aliyetoa mwaka 1550 vitabu vya kwanza kupigwa chapa kwa Kislovenia, na yuro 2, iliyo kuu kuliko zote, ina wajihi wa France Prešeren, mshairi aliyefariki mwaka 1849, ambaye ubeti wa shairi lake ndio wimbo wa taifa. Kwangu mimi hiyo ni taadhima kubwa mno, malenga kupewa mahali ambapo wengine humweka sultani.

Swali: Iko nakshi iliyozusha ubishi?

Jibu: Iko, ya senti 2. Humo mna kitako cha nguzo ya Kirumi kilichopinduliwa, ambacho zamani, siku ya kumtawaza mtawala mpya wa Carinthia, mkulima huru alikikalia, akamhoji mtawala huyo kwa lugha ya Kislavi, na akisharidhika ndipo akaondoka kumpisha. Jiwe lenyewe, hata hivyo, limo Klagenfurt, katika jimbo la Carinthia ndani ya Austria, na wakuu wa jimbo hilo walilalamika. Slovenia haikulifuta, na kwa rai yangu ilifanya haki, maadamu kumbukumbu ya raia kumhoji mtawala wake haizuiliwi na mpaka.

Swali: Na zilizosalia?

Jibu: Senti 10 ina bunge alilolisanifu Jože Plečnik, lenye paa refu mithili ya pia, ambalo halikujengwa kamwe. Senti 50 ina mlima Triglav, 20 farasi wa Lipica, 5 mpanzi wa mchoraji Ivan Grohar, ila hapa anapanda nyota badala ya nafaka. Na senti 1 ina korongo, aliyehamia huko kutoka sarafu ya tolari 20.