Maana ya Neno «Mahabusu»

Neno hili «mahabusu» latumika sana katika miji yetu ya pwani, na wengi wetu hulitamka kana kwamba ni sawasawa na «mfungwa». Sivyo. Mfungwa ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa na kukatiwa kifungo chake. Mahabusu ni mtu aliyeshikwa akawekwa, na hukumu yake bado. Lugha yetu imeyatenga mawili haya wazi kabisa, lakini mwendo wetu umeyachanganya.

Asili ya neno ni Kiarabu, «habasa», na maana yake ya kwanza si kutia gerezani bali ni kuzuia. Katika Qur'ani mzizi huu umekuja mahali pawili tu. Katika Suratu Hud, aya ya 8, wakanushao wauliza ni kitu gani kinachoizuia adhabu isiwafikie. Na katika Suratul Maida, aya ya 106, mashahidi wawili wa wasia wazuiliwa baada ya Sala ili waape. Mahali pote pawili hapana ukuta wala kufuli. Gereza khasa kwa Kiarabu ni «sijn», na jina hilo limetajwa katika Qur'ani mara sita, zote katika Suratu Yusuf.

Tena kutokana na «habasa» hiyo hiyo, mafakihi wa Kimaliki huuita wakfu «hubus», kwa sababu asili ya mali huzuiwa isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake yakawaendea watu. Ndivyo Mtume s.a.w. alivyomuelekeza Sayyidna Umar juu ya ardhi yake ya Khaybar. Basi kuzuia huku si kuangamiza, kinachozuiliwa huhifadhiwa.

Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, amebainisha kuwa «habs» ya sheria si kumsonga mtu mahali pa dhiki, bali ni kumzuilia asiende apendavyo, ikiwa ni nyumbani au msikitini. Thumama bin Uthal alipotekwa, alifungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Madina, na Mtume akawa akimjia kusema naye siku hata siku, kisha akaamrisha afunguliwe. Thumama akaenda akakoga, akarudi akasilimu.

(Ama neno «gereza», wajuzi wa lugha husema latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa! Nayo Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilifanywa jela tangu mwaka 1895 hata 1958.)

Sasa tutazame mambo yetu. Mtu akishikwa Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi barazani amekwisha kuhukumiwa. Mkewe haalikwi tena, binti yake aliyekuwa akiposwa posa yake yarudishwa, na mwenye duka hawakopeshi unga. Haya yatendwa na watu wasaliyo safu ya kwanza. Na hali kanuni ya mafakihi ni kuwa asili ya mtu ni kutokuwa na dhima, mpaka ushahidi usimame. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 49, yataka aliyeshikwa atengwe na wanaotumikia vifungo. Na ibara ya 50 yamhisabu hana hatia mpaka ithibitike. Hakimu amngoja ushahidi, sisi hatungoji!

Iko Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimzuia (na neno lililotumika ni hili hili, «habasa») asimlishe, wala asimwache akajitafutia wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Aliyezuiliwa hawezi kujitafutia. Chakula chake ni juu ya aliyemzuia. Ikiwa paka ana haki hiyo, mwanadamu je? Na watoto wake waliobaki nyumbani, ambao mwenye kuwaletea riziki amezuiliwa, nani awaangalie ikiwa jirani amefunga mlango?

Nabii Yusuf a.s. alitiwa gerezani baada ya wenyewe kuziona dalili za kutokuwa na kosa kwake. Na mfalme alipompelekea mjumbe atolewe, hakukubali kutoka. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake, kwanza waulizwe wale wanawake waliojikata mikono.