Mtu wa Punda

Yafaa tujifunze habari za John Simpson Kirkpatrick, askari wa jeshi la Australia aliyekufa mwaka 1915. Katika nchi ile hata watoto wa shule humjua. Tukisoma, tujiulize neno hili: je, sifa ya mtu mmoja ni yake peke yake?

1. Maisha yake. Alizaliwa mwaka 1892 huko South Shields, mji wa bandari katika Uingereza. Alipokuwa kijana mdogo alipata kazi ya kuongoza punda waliopandwa na watoto ufukweni wakati wa joto. Baba yake alipokufa mwaka 1909, akaenda baharini. Mwaka wa pili aliitoroka meli yake huko Australia, akatangatanga: mara akikata miwa, mara akichimba makaa ya mawe. Hata hivyo hakuacha kumpelekea mama yake fedha katika ujira wake.

Vita vilipotokea mwaka 1914 alijiandikisha kwa jina la Simpson tu. Alitumaini kupelekwa Uingereza, apate kumwona mama yake. Lakini jeshi liliteremshwa Misri, na tangu hapo likaenda Gallipoli, katika nchi ya Waturuki.

2. Kazi yake. Walishuka pwani tarehe 25 Aprili 1915. Simpson alikuwa katika kikosi cha wabeba majeruhi. Njia ilipita katika korongo, na risasi zilikuwa zikinyesha humo mchana na usiku. Machela moja yataka watu wawili au zaidi. Naye Simpson alimpata punda, akampandisha mtu aliyejeruhiwa mguu, awezaye kukaa, akamshusha hata pwani, kisha akarudi. Hivyo wenye machela waliachiwa wale walioumia zaidi. Akafanya hivi siku kwa siku, hata tarehe 19 Mei, siku Waturuki waliposhambulia kwa nguvu nyingi. Asubuhi ile alipigwa risasi korongoni, akafa, naye ni mtu wa miaka 22. Akazikwa karibu na bahari.

3. Sifa yake. Baada ya kufa kwake hadithi ziliongezeka, na hesabu ya watu aliowaokoa ikakua kupita kiasi. Tena mchoraji Horace Moore-Jones alichora picha iliyosifiwa sana ya mtu na punda wake, akifuata picha ya kamera. Kumbe mtu yule alikuwa Richard Henderson wa New Zealand, ambaye naye alibeba majeruhi kwa punda. Mwaka 2013 baraza la serikali ya Australia lilichunguza habari hizi zote, likaona kwamba ushujaa wa Simpson ulikuwa mfano wa ushujaa wa wabeba majeruhi wenzake.

Hukumu hii haimpunguzii kitu. Wenzake walipita korongo lile lile, machela mikononi, wala hawakuwa na punda wa kuwafanya wakumbukwe. Basi tumtajapo yeye, tuwahesabu na hao.

Maswali ya kujifunza:
Kazi ya utoto ilimfaaje Simpson vitani?
Kwa nini kumwongezea marehemu sifa zisizo za kweli si kumheshimu?
Katika mtaa wetu, ni nani wafanyao kazi ile ile ya mtu asifiwaye, wala hawatajwi?