Ukiugua, Mshahara Unakatwa? Jua Haki Yako

Mwisho wa mwezi umefika, ujumbe wa mshahara umeingia kwa simu, lakini pesa ni pungufu. Mwezi huo malaria ilikulaza siku kumi. Je, mwajiri amekata sawasawa, ama amekuonea? Landlord hangoji jibu, kwa hivyo ni vizuri ujue hesabu mapema.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inakupa likizo ya ugonjwa ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo kwa mwajiri mmoja. Katika kila miezi 12 ya kazi, unapata angalau:

- Siku 7 kwa mshahara kamili
- Siku 7 zaidi kwa nusu mshahara

Miezi 12 inahesabiwa kuanzia tarehe uliyoajiriwa, si lazima Januari. Hiki ni kiwango cha chini. Mkataba wako, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi, yanaweza kukupa siku zaidi, lakini hayawezi kukupa chache. Pia, hizi si siku za likizo yako ya mwaka. Hiyo ni haki nyingine, angalau siku 21 za kazi.

Tupige hesabu

Tuseme unalipwa shilingi 26,000 kwa siku 26 za kazi. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa siku.

Umeugua siku 10 za kazi: 7 za kwanza unalipwa zote, 3 zinazofuata unalipwa nusu. Unakatwa 1,500, unapokea 24,500 (kabla ya makato ya kawaida). Ukikuta umekatwa 10,000, hapo kuna shida.

Miezi mitatu baadaye unaugua tena siku 5. Umebakisha siku 4 za nusu mshahara, kwa hivyo unakatwa 2,000. Siku ya tano sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa, ni 1,000 nyingine. Jumla 3,000.

Fanya haya mawili, usiyaache

1. Mjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo. Ukizidiwa, mtu mwingine anaweza kumjulisha kwa niaba yako. Meseji ni bora kuliko simu, kwa sababu inabaki kama ushahidi.
2. Leta karatasi ya daktari, ile wengi huita "sick off". Iwe imetiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au anayemwakilisha akisimamia dispensari au kituo cha matibabu. Piga picha yake kabla ya kuikabidhi. Bila karatasi hiyo, huna msingi wa kudai malipo.

Mimi ni kibarua, je?

Usijitoe haraka. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi miwili au zaidi anastahili masharti ya kazi kama mfanyakazi asiye kibarua. Weka rekodi ya siku ulizofanya kazi. Kama unalipwa kwa simu, zile jumbe za malipo zinaonyesha nani alikulipa na lini, kwa hivyo usizifute.

Usichanganye na SHA wala WIBA

SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, unaichangia asilimia 2.75 ya mshahara wako kabla ya makato. Inasaidia kulipia matibabu. Hairudishi mshahara uliokatwa.

Ukiumia kazini, hapo kuna sheria nyingine, WIBA ya 2007. Ripoti kwa mwajiri mara moja. Yeye naye anatakiwa kupeleka taarifa serikalini ndani ya siku 7 baada ya kujulishwa.

Umekatwa kimakosa?

Anza kwa kuongea na mhasibu au ofisi ya wafanyakazi, ukiwa na slipu ya mshahara na picha ya karatasi ya daktari. Wasipokusikiza, peleka malalamiko ofisi ya leba iliyo karibu nawe.

Na kwa zile siku ambazo sheria haifiki, jiwekee akiba. Shilingi 50 kila siku ya kazi, kwa siku 26, ni 1,300 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 7,800, ambayo ni zaidi ya mshahara wa siku saba kwa mfano wetu. Kinga ni bora kuliko tiba, hata kwa mfuko.

Leo fungua mkataba wako, tafuta sehemu ya likizo ya ugonjwa, na uhesabu umebakisha siku ngapi.