Unururifu: Tritiamu Inayonaswa Ukutani mwa Kinu

Tritiamu ni isotopu ya haidrojeni yenye protoni 1 na nyutroni 2. Ni nunurifu: hutoa chembe ya beta na kugeuka kuwa heli-3. Nusu-maisha yake ni miaka 12.3.

Matumizi
Katika vinu vya kuunganisha viini, tritiamu huungana na diteriamu kwenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 100 za Selsiasi:

²₁H + ³₁H → ⁴₂He + ¹₀n + nishati

Kwa nini hunaswa?
Si atomu zote huungana. Nyingine hugonga ukuta wa kinu, hupenya na kukwama humo. Ukuta wa kaboni hunasa zaidi, kwa sababu kaboni humomonyoka, kisha hujitandaza sehemu zenye ubaridi ikiwa imefungamana na tritiamu. Katika majaribio ya mwaka 1997 kwenye kinu cha JET, Uingereza, karibu theluthi ya tritiamu iliyoingizwa ilibaki ndani majaribio yalipokwisha. Mwaka 2011 JET ilianza kutumia ukuta wa berili na tungsteni. Unasaji ukapungua zaidi ya mara kumi.

Hasara zake
(i) Fueli adimu hupotea.
(ii) Ni hatari ikivuja. Beta yake ni dhaifu, haipenyi ngozi. Lakini tritiamu ikivutwa au ikinywewa ndani ya maji, hudhuru seli kutoka ndani ya mwili.

Swali
(a) Ukuta wa kinu kilichofungwa una gramu 12 za tritiamu. Zitabaki gramu ngapi baada ya miaka 36.9?
(b) Mafundi hupitisha gesi ya diteriamu ndani ya kinu ili kuondoa tritiamu. Eleza kwa nini njia hii hufaa.

Majibu
(a) Idadi ya nusu-maisha = 36.9 ÷ 12.3 = 3
12 → 6 → 3 → 1.5
Zitabaki gramu 1.5.
(b) Isotopu hizi zina protoni 1 na elektroni 1 kila moja, hivyo tabia zake za kikemia zinafanana. Diteriamu huchukua nafasi ya tritiamu ukutani, nayo tritiamu hutoka kama gesi.

Angalizo
Usigawanye 12 kwa 3 ukapata 4. Kila nusu-maisha hupunguza nusu ya kile kilichobaki. Onyesha mishale yote. Kila hatua inaweza kukupa alama.