Mwalimu mgeni Lewisville: maisha ya kila siku na matembezi ya wikendi

Walimu wa Afrika Mashariki wanaokwenda kufundisha Texas kwa viza ya J-1 hupewa miaka 3, na muda huo unaweza kuongezwa kwa mwaka 1 au 2. Kwa anayepangiwa Lewisville, mji ulio kaskazini mwa Dallas katika kaunti ya Denton, haya ndiyo ya kuyajua mapema.

Wikendi si ya vibarua

Tuanze na hili, maana ndilo lenye hatari. J-1 hukuruhusu kufanya kazi ile tu iliyoidhinishwa na shirika linalokudhamini. Kuendesha teksi ya programu ya simu kila Jumamosi, au kushika zamu ya usiku ya kutunza wazee, ni kuvunja masharti, hata kama jamaa wenye makaratasi mengine wanafanya hivyo kihalali. Mkataba wako unaweza kukatishwa ukarudishwa nyumbani.

Badala yake, masharti hayohayo yanakudai shughuli mbili za utamaduni kila mwaka: moja ya kuwaonyesha wanafunzi, shule au jamii mila na historia ya kwenu, nyingine ya kuwakutanisha wanafunzi wako kwa njia ya mtandao na wanafunzi wa nchi nyingine, ikiwezekana shule uliyotoka. Kwa hiyo kujichanganya na watu ni sehemu ya kazi.

Usafiri

Leseni ya nyumbani ikiwa hai, unaweza kuitumia siku 90 tangu uhamie. Baada ya hapo utahitaji ya Texas. Magari hupita kulia. Bima ni lazima, na kiwango cha chini hulipia hadi dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali. Ukinunua gari la mkononi, fahamu kuwa ukaguzi wa usalama wa magari binafsi ulifutwa mwaka 2025, lakini kaunti ya Denton bado inadai kipimo cha moshi.

Kabla hujapata gari, tumia treni ya A-train, inayotoa huduma tangu 2011. Lewisville ina vituo vitatu: Hebron, Old Town na Highland Village/Lewisville Lake. Shuka Trinity Mills mjini Carrollton, upande treni ya DART ya Green Line hadi katikati ya Dallas. Panga safari Jumamosi, maana Jumapili kwa kawaida A-train haitembei.

Sokoni

Sukuma wiki haina shida: iko karibu kila duka kubwa, kwenye rafu yenye kibao cha collard greens. Unga wa ugali ndio unaowakosesha wengi. Pakiti iliyoandikwa masa harina ni ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kwa ajili ya tortilla, na ugali wake hautakuwa wa kwenu. Chukua iliyoandikwa white corn meal. Nyama ya mbuzi iulizie kwenye mabucha ya halali na maduka ya Wameksiko. Bei ya rafuni si ya mwisho: bidhaa nyingi huongezwa kodi ya asilimia 8.25 unapolipa, ila vyakula vingi vya kwenda kupika nyumbani havitozwi.

Pa kwenda

*Karibu na nyumbani.* Ziwa Lewisville ni bwawa. Ukuta wake ulikamilika 1955. Chini ya ukuta kuna hifadhi ya LLELA, yenye ekari zipatazo 2,000, njia za miguu na sehemu za kuvulia. Ndoano huhitaji leseni ya jimbo. Kiangazi nenda alfajiri, kwa sababu mchana joto huweza kupita nyuzi 38.

*Dallas.* Jumba la sanaa la Dallas Museum of Art halina kiingilio cha jumla, na lina sanaa nyingi za Afrika. Jengo ambamo risasi zilizomuua Rais Kennedy zilifyatuliwa tarehe 22 Novemba 1963 sasa ni makumbusho ya Sixth Floor, ya kulipia. Mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, Green Line hukufikisha Fair Park kwenye maonyesho ya jimbo.

*Fort Worth.* Kwenye Stockyards, saa tano na nusu asubuhi na saa kumi jioni, wachungaji wa farasini huswaga ng'ombe barabarani. Kutazama ni bure. Pembe zao ndefu zitamkumbusha mtu wa Mbarara au Karagwe ng'ombe wa Ankole.

*Houston.* Ni mwendo wa karibu saa nne kwa gari, basi ungojee likizo. Kuna Space Center Houston, na mbele yake Galveston, ambako tangazo la uhuru wa watumwa wa Texas lilisomwa tarehe 19 Juni 1865.

Hali ya hewa

Machi hadi Mei ni msimu wa mvua ya mawe na vimbunga. King'ora kikilia, ingia chumba cha ndani kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa.

Mwisho, weka picha na tarehe za shughuli zako za utamaduni, kwa kuwa shirika litakudai ripoti kila mwaka. Na mtu akikuahidi kibarua cha wikendi, muulize kwanza afisa wa shirika lako, kabla hujapokea hata dola moja.