Atokaye Nyumbani Ni Mpigaji

Aghalabu mwanamke wa Voi au Mwatate akipigwa na mumewe, yeye ndiye afungaye nguo zake usiku na kuongoza wanawe kwenda kwa wazazi wake Sagalla au Mbololo, ilhali mwenye kudhulumu amesalia ndani na kulala. Na majirani, maadamu wameyahesabu mambo ya mke na mume kuwa ni ya faragha, hunyamaza. Sheria hainyamazi.

Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inampa hakimu mamlaka ya kutoa amri ya ulinzi, na katika amri hiyo kumtoa mpigaji na kumwachia aliyepigwa haki ya kukaa nyumbani peke yake, ijapokuwa nyumba hiyo ni mali ya mpigaji au ameipanga kwa jina lake. Nalitanguliza jambo hili mbele ya mengine yote kwa sababu wengi huvumilia madhila miaka mingi kwa kuhofu tu kukosa pa kuwalaza watoto.

Wala dhuluma si kofi na fimbo peke yake, bali pia vitisho, matusi ya kudhalilisha, kunyimwa fedha za matumizi, kuharibiwa mali na kufukuzwa. Na mwenye kudai hifadhi aweza kuwa mke, mtalaka, mchumba, mzazi mzee, au mwanamume.

Ombi hupelekwa katika mahakama za Voi, Wundanyi au Taveta, na hatari ikiwa karibu hakimu aweza kutoa amri ya muda kabla ya upande wa pili kusikizwa. Aivunjaye amri hukabiliwa na kifungo kisichozidi miezi 12, au faini isiyozidi shilingi 100,000, au vyote viwili.

Kituoni, polisi wanawajibika kukueleza haki hizi na kukusaidia upate matibabu; akuambiaye "nendeni mkaelewane" hajatimiza wajibu wake. Aliyenajisiwa asioge, awahi Hospitali ya Moi, Voi, kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zimfae. Simu ya msaada kwa waliodhulumiwa, 1195, hupigwa bila malipo.

Ama baraza la wazee, ambalo nalistahi, Katiba ya 2010 imelitambua kwa sharti lisikiuke haki za mtu. Fidia wapatanayo wakwe barazani haimzuii aliyepigwa kwenda mahakamani, na akishindwa kwenda kwa hofu au udhaifu, sheria inaruhusu mwingine amwombee amri hiyo.