Somo: Kuchagua Nyaya za Kuunganishia Runinga na King'amuzi

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya utangazaji wa analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, king'amuzi kimekuwa sehemu ya kawaida ya runinga ya nyumbani. Hata hivyo, picha inapokuwa mbaya, baadhi ya watumiaji hukimbilia kununua runinga mpya, ilhali kasoro imo katika waya mmoja wa bei ndogo. Somo hili linaeleza namna ya kuutambua waya huo kabla ya kutoa fedha.

Picha husafiri kwa hatua mbili

Hatua ya kwanza ni kutoka kwenye antena au dishi hadi kwenye king'amuzi. Hatua ya pili ni kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye runinga. Dalili hutofautiana:

• Picha ikiganda au kuvunjika vipande vya miraba, anza kukagua hatua ya kwanza.
• Picha ikiwa haikatiki, lakini ina ukungu na maandishi madogo hayasomeki, kagua hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: waya wa antena

Chagua waya wa antena wa omu 75. Kipimo hicho kwa kawaida huandikwa kwenye ganda lake. Tumia kipande kimoja kisichoungwa njiani, kwa kuwa kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa gundi ya plastiki hupoteza mawimbi na kuingiza maji ya mvua. Kumbuka pia kwamba kigawanyo cha kawaida cha matundu mawili hupeleka chini ya nusu ya nguvu ya mawimbi kila upande.

Tahadhari: zima king'amuzi kwenye soketi kabla ya kuchomoa waya wa dishi. Waya huo hupeleka umeme kwenye dishi, na nyuzi zake zikigusana zinaweza kuharibu king'amuzi.

Hatua ya pili: nyaya tatu za rangi au HDMI

Katika nyaya tatu za rangi, waya wa njano hubeba picha yote, mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja. Mwekundu na mweupe hubeba sauti. Picha yake haivuki mistari 576. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja kwa mfumo wa dijitali, na hufikisha mistari 1,080 na zaidi. Ikiwa king'amuzi na runinga vyote vina tundu la HDMI, tumia HDMI, kisha uchague tundu hilo kwa rimoti ya runinga. Ikiwa runinga yako ni ya zamani na haina tundu hilo, nyaya za rangi zinatosha.

Je, waya wa bei kubwa ni bora zaidi?

Kwa umbali wa mita 1 au 2, sivyo. Taarifa za dijitali zikifika salama, picha ni ile ile. Waya mbovu hujidhihirisha: skrini huzima ghafla au hutokeza vidoa vinavyometameta. Kwa king'amuzi cha mistari 1,080, waya wenye maandishi "High Speed" unatosha. Dhahabu iliyopakwa kwenye ncha huzuia kutu. Haiongezi ung'avu wa picha. Vilevile, chaneli inayorushwa kwa ubora wa chini haiwezi kuboreshwa na waya wowote.

Kabla ya kununua

1. Ni hatua ipi yenye kasoro?
2. Runinga na king'amuzi vina matundu gani?
3. Ni urefu gani unaohitajika? Pima kwa kamba, usikisie.
4. Je, muuzaji atakubali waya ujaribiwe dukani?

Dai risiti na uitunze. Fundi akikushauri kubadili runinga, mwombe kwanza aunganishe king'amuzi kwa waya mwingine ulio mzima, nawe ukiwa unatazama.